Hotuba kwa Waalimu na Wazazi juu ya Akili Mnemba Shuleni



 Katika siku hizi za Jubilei, wenzetu waliotutangulia wamewaeleza habari za miaka iliyopita: jinsi nyumba ya kwanza ya shule ilivyojengwa kwa miti na udongo, jinsi watoto walivyoandika herufi mchangani kabla ya kupata vibao, na jinsi mwalimu mmoja alivyofundisha madarasa matatu katika chumba kimoja. Hayo ni mema kukumbukwa. Walakini sisi tumeombwa kusema juu ya jambo lililo mbele yetu, ambalo limekwisha kupiga hodi mlangoni.

Mwajua wote kwamba kabla ya sikukuu alikuja mgeni shuleni kwetu, mtu wa adabu na maneno mazuri, mwenye vishikwambi vitatu mkobani mwake. Alisema kampuni yake itatupa bure kwa mwaka mmoja programu ya akili mnemba. Programu hiyo itawafundisha watoto hesabu na Kiingereza, itasahihisha madaftari, na kumwambia mwalimu ni mtoto yupi aliyebaki nyuma. Alitaka vitu viwili tu: orodha ya wanafunzi pamoja na umri wao na alama zao, na sahihi ya mwalimu mkuu. Tangu mwaka wa pili tutalipa kwa kila mtoto. Wengine wamesema fedha hiyo itoke katika sanduku la Jubilei, ambalo tulilichangia kwa ajili ya vitabu na madawati. Kamati ya shule itakutana baada ya sikukuu ili kutoa jibu. Ndiyo sababu ya maneno yetu leo.

Sisi si adui wa vyombo vipya. Hata kitabu kilikuwa chombo kipya hapa kwetu, na wako wazee waliokiogopa. Wala hatuwadharau waalimu waliofurahi. Mwalimu mmoja alituambia, “Nina watoto themanini na watano darasani. Nikisahihisha daftari za wote, usiku haunitoshi. Mtu akiniletea msaada, nimkatalie kwa sababu gani?” Neno hilo ni zito, nasi hatuna haki ya kulipuuza. Lakini yatupasa kuuliza kama kinacholetwa ni msaada kweli, na kama ni msaada, ni kwa faida ya nani.

Kwanza tujue akili mnemba ni nini. Wengine wadhani ina roho ndani yake, wengine waiogopa kama uganga. Si hivyo. Ni programu ya kompyuta iliyopitishwa katika maandishi mengi mno, mpaka imejifunza neno lipi hufuata neno lipi. Ukiiuliza, hupanga maneno moja baada ya moja kwa namna iliyo karibu na yale iliyoyasoma. Kwa hiyo husema vizuri sana, na mara nyingi husema kweli. Lakini hutamka lililo kweli na lisilo kweli kwa sauti ile ile. Iliyojulikana kuliko zote, ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ya Marekani, ilitolewa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022. Hata miezi miwili haijatimia, shule za serikali za mji wa New York ziliifunga, Januari 2023, kwa kuogopa wanafunzi wataandikiwa kazi zao. Mwezi wa Mei mwaka ule ule zikaifungua tena. Basi hata wakubwa wa elimu katika mji tajiri kama ule walibadili nia mara mbili katika muda mfupi. Tusione haya sisi kutaka muda wa kufikiri.

Nasi tutawaambia jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulipokuwa tukikusanya habari za kijitabu hiki cha Jubilei, tuliiuliza programu moja ya namna hii ni nani aliyejenga kanisa letu la kwanza. Ikatujibu mara moja kwa Kiswahili safi, ikataja padre mmoja, na mwaka wa kuja kwake, na hata mti alioupanda mbele ya nyumba. Tukafurahi, tukaandika. Kisha tukamsomea bibi mmoja mzee, ambaye babaye alikanyaga udongo wa ukuta ule. Akacheka, akasema, “Huyo hatukumwona hapa.” Tukatafuta katika daftari la ubatizo, jina lile halimo. Tukaufuta ukurasa mzima. Kama bibi yule angalikuwa amekwisha kufa, jina la mtu asiyekuwako lingalichapwa katika kijitabu hiki, na wajukuu wetu wangalilisoma kuwa ndiyo kweli. Sisi ni watu wazima, tuna daftari na tuna wazee wa kuwauliza, na hata hivyo tulidanganyika. Mtoto wa darasa la tano atajuaje?

Sasa tuulize kwa nini wenye kampuni wazipenda shule hivi. Mfanya biashara hutafuta mahali penye watu wengi, na shule ni mahali penye watu wengi ambao watakuwa wanunuzi kwa miaka mingi mbele. Wahenga wetu walisema, mchovya asali hachovyi mara moja. Katika mwaka 2025, siku zilipokaribia za mitihani ya vyuo vikuu vya Marekani, kampuni za OpenAI na Google ziliwapa wanafunzi wa huko bure, kwa muda, programu ambazo watu wengine huzilipia. Februari mwaka ule chuo kikuu cha serikali ya California kilitangaza kuwapa wanafunzi wake zaidi ya 460,000 programu ya OpenAI. Na Julai 2025 chama kikubwa cha waalimu wa Marekani kilitangaza kwamba kampuni za Microsoft, OpenAI na Anthropic zitatoa dola milioni 23 ili kujenga mahali pa kuwafundisha waalimu 400,000 kutumia akili mnemba. Hatusemi kwamba mafundisho hayo ni mabaya. Twasema tu kwamba muuzaji akilipa gharama ya shule inayofundisha matumizi ya bidhaa yake, mwenye busara huangalia sana.

Sikilizeni tena habari za mji wa Los Angeles, maana zafanana sana na mlango tuliosimama mbele yake. Shule za serikali za mji ule ni za pili kwa ukubwa katika Marekani yote, nazo mwaka 2024 zilikuwa na watoto zaidi ya 400,000. Machi 2024 wakubwa wake walitangaza kwa shangwe programu iliyoitwa Ed, yenye sura ya jua linalocheka. Walisema itakuwa rafiki wa kila mtoto: itajua alama zake, mahudhurio yake na hata basi lake la kwenda shule, tena itamwambia la kufanya kila siku. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa changa, iitwayo AllHere, na mapatano yalikuwa ya dola zipatazo milioni 6.

Haikupita hata miezi mitatu. Katika Juni 2024 kampuni ile iliwasimamisha kazi watumishi wake wengi kwa kukosa fedha, na jua lile likazimwa. Dola zipatazo milioni 3 zilikuwa zimekwisha kulipwa. Mtumishi mmoja wa zamani wa kampuni alisema hadharani kwamba habari za wanafunzi hazikutunzwa kwa uangalifu uliopasa. Novemba mwaka ule mwanzilishi wa kampuni alikamatwa, akashtakiwa kuwa aliwadanganya watu waliotia mali zao katika kampuni yake. Tazameni basi: mji wenye wanasheria, wenye mafundi wa kompyuta na fedha nyingi, uliuziwa mbuzi ndani ya gunia. Wao waliweza kupoteza dola milioni 3 na shule zao zikafunguliwa kesho yake kama kawaida. Sisi tukipoteza sanduku la Jubilei, watoto wetu wataketi chini miaka mitano mingine.

Wala ahadi za namna hii si mpya. Mwaka 1922 Thomas Edison, mtu mwenye akili nyingi, alisema kwamba picha za sinema zitachukua mahali pa vitabu vya shule katika miaka michache. Miaka mia moja imepita, na vitabu vingalipo. Kisha katika Peru serikali iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto, na wengi wao walikuwa maskini wa milimani. Mwaka 2012 wachunguzi wa benki ya maendeleo ya nchi zile walitoa habari za shule 319 walizozipima: watoto waliopewa kompyuta hawakuwazidi wenzao katika hesabu wala katika kusoma. Walijua kuitumia kompyuta, ndiyo, lakini si hilo lililotarajiwa hasa. Kompyuta ziliwafikia watoto, lakini mwalimu hakuongezewa maarifa ya kufundisha nazo. Tena Uswidi, nchi iliyotangulia kutia kompyuta madarasani, mwaka 2023 serikali yake ilitenga krona milioni 685 kwa kununua vitabu vya shule. Waliokwenda mbali katika njia ile wameona haja ya kurudi kuchukua kitu walichokiacha.

Labda mtu atasema, “Hayo ni makosa ya fedha na ya kompyuta za zamani. Je, akili mnemba yenyewe, mtoto akiitumia, hajifunzi?” Swali hilo ni zuri, na jibu lake limejaribiwa. Katika Uturuki wachunguzi wa chuo kikuu cha Pennsylvania waliwachukua wanafunzi wa shule ya sekondari wapatao elfu moja, wakawagawa makundi matatu katika somo la hesabu. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi kwa vitabu na madaftari tu. Kundi la pili lilipewa programu inayojibu kila swali, kama ile ipatikanayo katika simu. Kundi la tatu lilipewa programu iliyotengenezwa kwa msaada wa waalimu, isiyotoa jibu ila humdokezea mwanafunzi hatua ya kufuata.

Wakati wa mazoezi, kundi la pili liliwazidi wale wa madaftari kwa asilimia 48. Mzazi angaliona kazi zao angalifurahi. Kisha vitabu vikafungwa na programu zikaondolewa, wakafanya mtihani peke yao. Hapo kundi la pili lilipata alama chini ya wale wa madaftari kwa asilimia 17. Kundi la tatu, lililodokezewa tu, lilifanya vizuri zaidi katika mazoezi, na katika mtihani likawa sawa na wale wa madaftari. Na lililo la kutisha zaidi ni hili: wale wa kundi la pili hawakujua kwamba wamejifunza kidogo.

Hapa mkulima aelewa kuliko msomi. Mtoto akibebwa mgongoni kila siku mpaka shambani, atafika mapema kuliko wenzake, walakini miguu yake haitapata nguvu. Siku ya kwenda peke yake atashindwa, wala hatajua sababu, maana kila siku alikuwa akifika. Hatusemi mtoto asisaidiwe. Twasema msaada unaomwondolea mtoto kazi ya kufikiri wamwondolea lile hasa tulilompelekea shuleni. Na twakiri kwa haki kwamba programu iliyotengenezwa na waalimu haikuleta hasara ile. Basi tofauti yote i katika namna ilivyotengenezwa, na katika mwalimu aisimamiaye. Lakini mgeni wetu hakutuambia yake ni ya namna ipi, nasi hatukumwuliza.

Neno jingine ni orodha ile ya majina. Wengi wameiona kuwa jambo dogo. Kumbukeni kwamba katika kijiji, mtoto akishindwa mtihani, aibu yake hudumu mwaka mmoja, kisha husahauliwa. Habari zikiingia katika kompyuta za kampuni, hazisahauliki, wala hatujui zitakwenda wapi. Desemba 2024 wezi waliingia katika programu iitwayo PowerSchool, inayotunza habari za shule nyingi za Marekani na Kanada, wakaiba habari za wanafunzi na waalimu kwa mamilioni. Kampuni ikalipa fedha ili habari zile zifutwe, na hata baada ya kulipa, shule nyingine zilitishwa tena.

Tusidhani sheria yatuhusu watu wa ng'ambo tu. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jirani zetu wa Kenya wana yao ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza shule moja faini ya shilingi zaidi ya milioni 4 za Kenya, kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Basi mwalimu mkuu akitia sahihi peke yake, huenda akajiingiza katika hatia asiyoijua. Orodha ya watoto si mali yake, wala si mali ya katekista, wala ya parokia. Wenye neno juu yake ni wazazi.

Tena tusisahau jasho lililo ndani ya mashine hizi. Watu husema yajifunza yenyewe, lakini si kweli yote. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza kwamba vijana wa Nairobi, wasemao Kiswahili kama sisi, waliajiriwa kusoma maandishi machafu ya kila namna, hata ya kuwatesa watoto, na kuyatia alama, ili programu ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, na wengine walisema nyoyo zao ziliumia kwa yale waliyoyasoma. Basi mtu akikuletea chombo hiki na kukiita cha bure, ujue yupo mtu aliyelipa, naye huenda ni mtoto wa jirani yako.

Sasa tusemeje kwa mwalimu yule mwenye watoto themanini na watano? Twamwambia kwanza kwamba mzigo wake twaujua, na ni aibu yetu sote kwamba tumemwachia. Pili, haya yote hayamzuii yeye, mtu mzima, kutumia programu hizi katika kutayarisha masomo: kutunga maswali ya mazoezi, kupata mfano mpya wa hesabu, kufafanuliwa neno la Kiingereza. Lakini ayasome yote kwanza na kuyapima kwa kitabu, kama tulivyofundishwa na bibi yule. Tena asitie humo jina la mtoto wala shida za nyumbani kwake. Kwa watoto wadogo tungoje. Shirika la UNESCO, katika shauri lake la Septemba 2023, lilizitaka serikali zisiruhusu programu hizi madarasani kwa watoto wa chini ya miaka 13. Watoto wengi wa shule yetu hawajafika umri huo.

Kwa kamati ya shule, twaomba mgeni aitwe tena, akaribishwe chai kwa heshima, aulizwe maswali haya mbele ya wazazi. Programu yako humpa mtoto jibu, au humwongoza alitafute mwenyewe? Ni waalimu gani waliosaidia kuitengeneza? Imepimwa wapi, na watoto walifanyaje siku ya mtihani ilipoondolewa? Habari za watoto zitakaa wapi, nani atazisoma, na tukikataa mwaka wa pili zitafutwaje? Mwaka wa pili bei ni ngapi, na mwaka wa tatu je? Kampuni yako ikifungwa, tutabaki na nini mkononi? Akijibu yote kwa maandishi, na majibu yakatupendeza, hatutamfukuza. Asipojibu, tutajua lililo mkononi mwake.

Na juu ya sanduku la Jubilei, twasema wazi shauri letu, ili mtu asiseme tulificha. Fedha ile ilichangwa na watu waliouza kuku na mihogo, wakaambiwa ni ya vitabu na madawati. Inunue vitabu na madawati. Kitabu kimoja cha hesabu kitatumiwa na ndugu watatu, mmoja baada ya mwingine. Hakitaki umeme, hakitaki malipo ya mwaka wa pili, wala hakimpelekei mtu wa mbali habari za anayekisoma. Kikibaki kiasi, tumtafutie mwalimu yule msaidizi, hata kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, wa kumsaidia kusahihisha madaftari jioni. Vijana wa namna hiyo tunao hapa hapa, wengine wameketi mbele yetu sasa.

Ndugu zetu, hatujui yote juu ya jambo hili, na huenda baada ya miaka kumi tukaonekana tulikuwa waoga. Tutakubali lawama hiyo. Mwaka mmoja wa kungoja hautamdhuru mtoto mwenye kitabu, dawati na mwalimu anayelijua jina lake. Mkutano wa kamati ni siku ya Jumamosi baada ya sikukuu, saa nne asubuhi, katika chumba cha darasa la saba. Twawaomba wazazi wote mje, hata ninyi msiosoma. Maana watakaozungumzwa ni watoto wenu.